Wagonjwa ni Wetu, Majengo ni ya Nani?

Tosamaganga, mwendo mfupi kutoka mji wa Iringa na jirani na Kalenga ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, kuna nyumba mbili ambazo kila mzazi wa wilaya hiyo anazijua: shule ya sekondari na hospitali. Zote mbili ni matunda ya misheni moja. Wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani walifika huko mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wakonsolata kutoka Torino, Italia, wakaiendeleza kazi. Lakini leo nyumba hizo mbili zina wenyewe tofauti. Shule ni ya Serikali. Hospitali ni ya Jimbo Katoliki la Iringa, nayo kwa miaka mingi ilitibu wananchi kwa niaba ya Serikali, ikiwa na cheo cha hospitali teule.

Mgonjwa aliyeletwa kwa machela usiku wa manane haulizi mwenye hospitali ni nani, wala hatumtaki aulize. Yeye anataka daktari, damu na dawa. Bali sisi wengine tulio wazima, wanachama na wafanyakazi tunaokatwa kodi kila mwezi, tunapaswa kuuliza, na kuuliza kabla mambo hayajaharibika. Maana hospitali ya namna hii si ya Serikali wala si duka la mtu. Inatoza ada, inaajiri, inanunua, inatunza hesabu kama kampuni. Lakini hakuna mtu anayegawana faida yake, na kazi yake ni ile ile ambayo Serikali imewaahidi wananchi kuifanya. Vyombo vya jinsi hii ni vingi nchini mwetu, katika afya, elimu, maji na hata umeme. Tunavitegemea kila siku. Hata hivyo sheria zetu hazijapata kuvipa jina wala nafsi.

Tuanze na jinsi ilivyokuwa. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu, na kwa sheria hiyo shule za mashirika zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali ziliwekwa chini ya Serikali. Shule za misheni zikawa shule za wote. Uamuzi ule ulikuwa na haki yake: haikufaa katika nchi huru mtoto akoseshwe kiti darasani kwa sababu ya dini ya baba yake. Katika afya njia ikawa nyingine. Serikali ilikuwa na wilaya nyingi na hospitali chache, na badala ya kujenga nyumba ya pili mlangoni pa hospitali ya misheni ilifanya jambo la busara: tangu miaka ya 1970 ikaanza kuziteua baadhi ya hospitali za mashirika ya dini ziwe hospitali za wilaya. Shirika lingebaki na majengo na uongozi. Serikali ingeleta mishahara na ruzuku. Na wananchi wa wilaya nzima wangetibiwa pale bila ya kubaguliwa.

Hata ilipotungwa Sheria ya Hospitali za Binafsi ya mwaka 1977, iliyopiga marufuku tiba ya biashara kwa faida ya mtu mmoja mmoja, hospitali za mashirika ya hiari hazikuguswa. Mtunga sheria aliona wazi kwamba kuna tofauti kati ya daktari anayeuza tiba ili atajirike na masista wanaotibu kwa wito. Marufuku ile ililegezwa mwaka 1991, na tangu hapo zahanati za biashara zimechipuka kila mtaa. Mwaka uliofuata, 1992, Serikali na makanisa wakatia saini hati ya maelewano juu ya huduma za jamii, na makanisa yakaunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili yawe na sauti moja mbele ya Serikali. Kisha ikaja Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Na. 18 ya mwaka 2010, ambayo imeandikwa zaidi kwa kufikiria madaraja, bandari na barabara za kulipia kuliko wodi ya wazazi.

Sasa tuitazame hospitali teule kama fundi anavyoitazama mashine, kipande kwa kipande. Ardhi iliyo chini yake ni ya umma, maana Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Shirika lina haki ya kuikalia tu. Majengo ni ya wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, kwa Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Sehemu ya wafanyakazi ni watumishi wa umma walioazimwa kutoka Serikalini, na sehemu ni waajiriwa wa jimbo. Dawa nyingi hutoka Bohari ya Dawa, ambayo ni ya Serikali. Mashine za uchunguzi na hata madaktari bingwa mara nyingi ni msaada wa rafiki wa ng'ambo. Tosamaganga imesaidiwa kwa muda mrefu na shirika la CUAMM la Padova, lililoundwa mwaka 1950 na ambalo liliingia Tanzania mwaka 1968. Mgonjwa anayechangia analipa kwa fedha taslimu au kwa kadi ya bima. Na hospitali yenyewe, kwa desturi ya majimbo yetu, haina nafsi mbele ya sheria. Haiwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake. Wanaosimama mahakamani ni wadhamini.

Kinachovishikanisha vipande hivyo vyote ni karatasi moja, yaani mkataba wa huduma. Katika karatasi hiyo Serikali inaahidi fedha na watumishi, na hospitali inaahidi kuwatibu bila malipo wale ambao sera ya afya imewasamehe: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ahadi ya pili hutimizwa siku hiyo hiyo mgonjwa anapofika. Ahadi ya kwanza hutimizwa pale fedha inapopatikana. Mama mjamzito hawezi kuambiwa asubiri robo ya pili ya mwaka wa fedha. Ruzuku ikichelewa, hospitali inakopa dawa, inachelewesha mishahara ya waajiriwa wake, au inamgeukia rafiki wa Italia. Upande mmoja wa mkataba una mgonjwa mlangoni na upande wa pili una jalada mezani. Hapo usawa haupo, hata kama saini ni mbili.

Na tuseme wazi juu ya wafanyakazi, kwa kuwa ndio wasomaji wetu. Katika hospitali ya namna hii wauguzi wawili waliosoma chuo kimoja wanaweza kushika zamu moja ya usiku katika wodi moja, wakampokea mtoto mmoja. Wa kwanza ni mtumishi wa umma. Mshahara wake hutoka Hazina, anapanda daraja kwa kanuni za utumishi, na tangu mifuko ilipounganishwa mwaka 2018 michango yake huwekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Wa pili ameajiriwa na jimbo. Mshahara wake unategemea ada na misaada, michango yake huenda NSSF, na kupanda kwake kunategemea uwezo wa mwajiri. Serikali ikitangaza nyongeza ya mishahara ya watumishi wake, wa kwanza anafurahi na wa pili anasoma gazeti. Serikali ikitangaza nafasi mpya za ajira, huyu wa pili anaomba, na akipata anaondoka, na jimbo linabaki na wodi na pengo. Hatumlaumu. Nani angekaa? Lakini kila anapoondoka mmoja wa namna hiyo, fedha na miaka iliyotumika kumzoesha kazi huondoka naye, na hakuna kifungu popote kinachosema pengo lile litazibwa na nani na kwa muda gani.

Hata aliyeazimwa hana raha kamili. Nidhamu yake iko kwa mwajiri wake Serikalini, na kazi yake iko chini ya mganga mfawidhi aliyewekwa na mwenye nyumba. Anapokosana na huyu, anamkimbilia yule. Anapodai haki kwa yule, anarudishwa kwa huyu. Chama cha wafanyakazi kinapofika kujadili mkataba wa hali bora hakijui kikae mezani na nani.

Jambo lililozidisha uzito wa swali letu ni jema lenyewe. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilianza ujenzi wa hospitali 67 za halmashauri, katika wilaya ambazo hazikuwa na hospitali ya Serikali. Kazi ile ilistahili pongezi na inastahili bado. Wilaya nyingi kati ya hizo zilikuwa zikiishi kwa kutegemea hospitali teule. Basi halmashauri inapofungua hospitali yake, cheo cha ile ya zamani kinakuwa na swali, na ruzuku iliyofuata cheo inakuwa na swali, na watumishi walioazimwa wanakuwa na swali kubwa kuliko yote. Je, wahamishwe wote kwa mwezi mmoja kwenda kwenye majengo mapya? Je, vyumba vya upasuaji vilivyojengwa kwa miaka 40 vikae na buibui? Au ile ya zamani ipewe kazi ya juu zaidi, ya rufaa na mafunzo, na ile mpya ichukue ya kawaida? Majibu yanaweza kuwa tofauti kwa kila wilaya. Tunacholalamikia ni kwamba hayakuandikwa siku mkataba ulipotiwa saini, watu walipokuwa marafiki. Yameachwa yajibiwe kwa barua, kila mara na ofisa aliyepo.

Wapo ndugu zetu watakaosema: mambo haya ni rahisi, hospitali hizi zichukuliwe kama zilivyochukuliwa shule. Tunawakumbusha Bugando. Hospitali ile ya Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971, ilitaifishwa mwaka 1972. Mwaka 1985 Serikali iliirudisha kwa Kanisa kwa makubaliano yaliyoandikwa, na tangu hapo imeendelea kuwa hospitali kubwa ya Kanda ya Ziwa ambayo Serikali inalipa watumishi wake wengi na Kanisa linaiendesha. Serikali haikuona aibu kuirudisha. Iliona kwamba kumiliki nyumba ni jambo moja na kuiendesha ni jambo lingine, na kwamba hati nzuri inaweza kumpa mwananchi huduma bila ya Serikali kuwa na ufunguo wa kila mlango.

Wapo na wengine wanaosema kinyume: Serikali ijitoe, mashirika yaendeshe, mgonjwa alipe. Hao hatuwezi kukubaliana nao hata kidogo. Ada za hospitali zilianza kurudishwa mwaka 1993, na kila aliyeishi kijijini anajua kilichofuata: mbuzi aliuzwa, kisha shamba, kisha mgonjwa akabaki nyumbani. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, na baadaye ule ulioboreshwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ulipunguza machungu lakini haukuyamaliza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkaazi awe na bima. Itakapotekelezwa kwa ukamilifu wake, fedha ya umma itamfuata mgonjwa kwa wingi hadi katika hospitali ambazo si za umma. Hapo ndipo swali la hati linapokuwa swali la mabilioni.

Sasa tuone mtu mwema, au kijiji chema, kinachotaka kuanzisha chombo cha huduma kitakachojiendesha bila ya kugawana faida, sheria zetu zinampa nguo gani avae. Akienda BRELA atapewa kampuni ya hisa. Lakini hisa huuzwa, hurithiwa, hununuliwa na tajiri. Na siku moja zahanati ya kijiji inaweza kuamka ikiwa mali ya mtu wa Dar es Salaam. Ilikuwako kampuni yenye ukomo wa dhamana, isiyo na hisa, na wengi waliivaa kwa sababu ilikuwa karibu kuwatosha. Mwaka 2019 Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 3, iliwaambia waliokuwa wakifanya kazi za manufaa ya umma chini ya kampuni za namna hiyo wajisajili upya chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, na ikawapa miezi miwili. Nia ilikuwa kuweka utaratibu, nayo tunaielewa, kwani palikuwa na watu waliokwepa msajili mmoja kwa kumkimbilia mwingine. Lakini sheria ile ya mwaka 2002 iliandikwa kwa kufikiria mashirika ya hiari na miradi ya misaada, yenye mwanzo na mwisho. Chombo kinachosambaza maji kwa miaka 30 na kukusanya bili kila mwezi si mradi.

Akienda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2013, atapata chombo kizuri sana cha wakulima wa chai au kahawa, kwa kuwa mwanachama ndiye anayeleta mali na ndiye anayepata ziada. Lakini mgonjwa si mwanachama. Anaugua mara moja, anapona, anakwenda zake, au hakupona. Huwezi kumtaka anunue kiingilio kwanza. Na akienda RITA atapata udhamini, ambao ndio uliochaguliwa na makanisa na misikiti. Udhamini unalinda mali vizuri kuliko vyote hivyo. Hata hivyo wadhamini wanawajibika kwa waliowateua. Muuguzi hana kiti kati yao, na diwani wa kata pia hana, ingawa nusu ya fedha inayozunguka ndani inaweza kuwa ya umma.

Juu ya yote hayo kuna mtu wa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inakubali kuwapo kwa shirika la hisani, lakini ni lazima Kamishna atoe uamuzi kwamba chombo fulani kweli ni cha hisani. Kuwa umesajiliwa kwingine hakutoshi. Hatusemi Kamishna asiulize maswali. Wapo wajanja wanaojificha ndani ya kanzu ya hisani wakafanya biashara safi kabisa, na wanaoumia ni wale wa kweli. Tunasema tu kwamba chombo ambacho sheria yenyewe ingekuwa imekwisha kikataza kugawa faida kingemrahisishia kazi Kamishna.

Je, jambo hili haliwezekani? Linawezekana, na sisi wenyewe tumelifanya katika maji. Baada ya mpango wa mwaka 1971 wa kumpelekea kila mwanakijiji maji katika miaka 20 kukwama kwa uhaba wa fedha na wa vipuri, tulijifunza kwamba pampu isiyo na mwenyewe hufa. Sheria ya maji Na. 12 ya mwaka 2009 ikaunda vyombo vya watumia maji vinavyomilikiwa na jamii, na Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ikavirekebisha na kuviweka chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Chombo cha maji cha kijiji kina nafsi ya kisheria. Kinafungua akaunti, kinaajiri mhasibu na fundi, kinashtaki mwizi wa bomba. Havijakamilika, viko vilivyolala, na viko vilivyoliwa na viongozi wake. Lakini mwanakijiji anajua ni nini na amkamate nani. Basi kama tuliweza kuishonea maji nguo yake, kwa nini zahanati ivae ya kuazima?

Katika umeme nako kuna watu waliotangulia mbele ya sheria. Huko Mawengi, wilayani Ludewa, vijiji vimeunda jumuiya ya LUMAMA inayoendesha mtambo wa maji wa kilowati 300 katika mto Kisongo, uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haikuwataka wazalishaji wadogo wa chini ya megawati moja wachukue leseni ya kuzalisha, na hilo liliwapa nafasi ya kupumua. Huko Mufindi kampuni ya Mwenga yenye mtambo wa megawati 4 iliwasha vijiji kwa njia ya biashara. Nyaya ni zile zile na balbu ni zile zile. Tofauti itaonekana siku ya kuuza: kampuni ina haki ya kuuza kilicho chake, lakini jumuiya ya vijiji ikiuza, itakuwa imeuza cha nani?

Swali la kuuza ndilo linalotuleta kwenye kumbukumbu ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini hawajaisahau. Katika miaka ya 1960, jirani huko Songea, vijiji vilivyoanzia Litowa viliungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Vijana wa TANU ndio waliokianzisha, na katibu wake alikuwa Ndugu Ntimbanjayo Millinga. Vilikuwa na shule yao, mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao, na vililima pamoja na kugawana pamoja kabla neno Ujamaa halijaandikwa katika waraka wowote wa vijiji. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba chama hicho kivunjwe, na mali yake ikachukuliwa. Watu wamebishana miaka mingi juu ya sababu. Sisi leo tunataka kutazama upande mmoja tu: mali iliyopatikana kwa jasho la wanavijiji haikuwa na kifungu chochote chenye nguvu cha kusema kwamba, chama kikivunjwa, mashine na misumeno itakwenda kwa nani. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 mambo yalikuwa hayo hayo, na viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 wakulima walitumia miaka mingi kuzitafuta ghala zao. Hata halmashauri za wilaya zilizokuwa washirika wa kawaida wa huduma zilifutwa mwaka 1972 na hazikurudi hadi 1984. Katika nchi ambayo vyombo hubadilika hivyo, mwenye kutia saini na chombo chochote lazima aandike kitakachotokea chombo kile kikiondoka.

Wenzetu wameshaandika. Nchini Italia, ambako wamisionari wa Tosamaganga walitoka, sheria Na. 381 ya mwaka 1991 iliunda ushirika wa huduma za jamii: mmoja wa kutoa afya, malezi na elimu, na mwingine wa kuwapa kazi watu waliosukumwa pembeni, ambao lazima wawe asilimia 30 ya wafanyakazi wake. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kampuni ya maslahi ya jamii. Kampuni ya namna hiyo inafanya biashara kama nyingine, lakini mali yake imefungwa. Ikifa, mali huhamia kwa chombo kingine cha namna hiyo au cha hisani. Kila mwaka lazima ieleze hadharani imeifanyia jamii nini, na iko chini ya msimamizi wake maalumu. Wale wenye hisa, kama wapo, hawawezi kugawiwa zaidi ya asilimia 35 ya faida. Hatusemi tunakili. Uingereza yenyewe haina hospitali za wilaya zinazomilikiwa na majimbo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Watu wa pwani wana neno lao la zamani: wakfu. Mtu akiweka nyumba, shamba la minazi au kisima kuwa wakfu, mali ile haiuzwi tena, hairithiwi, haitolewi zawadi, na mapato yake yanakwenda kwa kazi iliyotajwa tu. Mtawalli ni mwangalizi, si mwenyewe. Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo hadi leo. Wazo la mali iliyofungwa kwa manufaa ya watu lilikuwa hapa kabla ya Mwingereza na kampuni yake. Linatakiwa kupewa mavazi ya sheria ya kisasa, yasiyo ya dini moja, ili hospitali ya Wakatoliki, shule ya Waislamu, mtambo wa umeme wa kijiji na zahanati ya wafanyakazi vyote viweze kuingia humo kwa hiari.

Sheria tunayoitaka isiwe ndefu. Iunde chombo cha huduma ya jamii chenye nafsi yake, kinachoweza kutoza ada na kuajiri bila ya kuona haya, na kisichoweza kumgawia mtu faida. Mali yake ifungwe. Mwanzilishi, awe jimbo, kijiji au chama, abaki na sauti katika kuulinda wito wake, kwani bila ya wito huo hospitali nyingi zisingejengwa. Lakini palipo na fedha ya umma, katika bodi pawe na kiti cha halmashauri na kiti cha mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake, wala asiteuliwe na mganga mfawidhi. Hesabu zibandikwe ukutani kwa Kiswahili. Watumishi wanaofanya kazi ya umma katika nyumba moja walipwe kwa ngazi moja, na Hazina na mwanzilishi wagombane wao kwa wao juu ya nani analipa kiasi gani. Ugomvi huo usishushwe wodini. Serikali ikichelewesha ilichoahidi kwa muda uliotajwa, ahadi ya kuchelewesha ilipiwe. Na pawe na sura nzima juu ya kuachana: notisi ya muda gani, watumishi waende wapi, vifaa vilivyonunuliwa kwa kodi vihesabiweje, na wagonjwa wa kudumu, wa kifua kikuu na wa UKIMWI, wahamishwe vipi bila ya kukosa dozi hata siku moja.

Tunajua wapo viongozi wa mashirika watakaoogopa kwamba kiti cha diwani katika bodi ni kidole cha kwanza cha mkono utakaochukua nyumba nzima. Wakikumbuka shule, hatuwezi kusema hofu yao ni ya bure. Ndiyo maana kufunga mali kuwe kwa pande zote mbili: kumzuie askofu asiuze, na kumzuie mkuu wa wilaya asichukue. Na kujiunga kuwe kwa hiari, ila asiyejiunga asitazamie ruzuku ya namna ile ile.

Sheria itachukua muda. Bungeni yako mengi. Wakati huo mikataba ya huduma iliyopo inaendelea kuisha na kuhuishwa, mingine kimya kimya, katika halmashauri za Iringa, Mbeya, Njombe na kwingineko. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo katika ofisi ya umma, na hata katika shirika binafsi linalotumia fedha za umma, na mwenye taarifa anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Tawi la chama au la wafanyakazi lililo karibu na hospitali teule, au iliyokuwa teule, liandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, liombe nakala ya mkataba, na diwani wa kata ile aombe usomwe katika baraza. Wasikilize hasa ukurasa wa mwisho, panapoandikwa mkataba utavunjwaje.